Jioni Niliyokuwa Sauti ya Rafiki Yangu

Rafiki yangu anakatisha tiketi za mabasi katika stendi ya Tunduma, na banda langu la cherehani liko nyuma ya kibanda chake, bati kwa bati. Kwa miaka mingi sauti yake ndiyo iliyonipokea asubuhi kabla sijafungua kufuli. Vwawa, Mlowo, Mbeya. Mama, njoo huku kwenye kivuli. Baba, mzigo wako nimeuona, usiwe na wasiwasi. Wapo wanaopiga kelele zaidi yake pale stendi, lakini yeye ana namna ya kuongea na umati mzima na kila mtu akadhani ameambiwa yeye peke yake.

Mimi ni mtu wa aina nyingine. Kanisani naimba kwaya mstari wa nyuma, na familia ikinitaka nitoe neno la shukrani namsukumia dada yangu. Wateja wamezoea kuniona na pini mdomoni. Pini hizo zimenisaidia sana maishani, kwa sababu mtu mwenye pini mdomoni haulizwi maneno mengi.

Pamoja na tofauti hiyo, tulipatana tangu siku aliponiletea baibui lake nilipunguze. Baba yake alikuja Tunduma kutoka Tanga akiendesha malori, akaoa hapa, akabaki, kwa hiyo Kiswahili cha rafiki yangu kina ladha ya pwani ingawa bahari ameiona mara chache. Mimi mama yangu ni Mnamwanga, na nusu ya ndugu zake wako upande wa pili wa mpaka, Nakonde. Nimekua nikiongea Kinamwanga na bibi yangu jikoni, na Kiswahili changu, rafiki yangu husema, kinapanda na kushuka kama barabara ya kwenda Ileje.

Siku moja aliingia bandani kwangu katikati ya mchana, wakati ambao kwa kawaida huwezi kumtoa kibandani kwake hata kwa kamba.

"Shoga, kaa chini," akasema.

"Nimekaa tayari. Wewe ndiye uliyesimama."

Akaketi juu ya robota la vitenge na kunieleza. Kulikuwa na mama mmoja wa Vwawa, muuzaji wa nguo za watoto, aliyekuwa akifuata mzigo Tunduma mara kwa mara. Siku hiyo mama huyo alikuwa amesimama akimtazama rafiki yangu akiwapanga abiria waliokuwa wanagombania siti. Alitazama mpaka basi likaondoka kwa amani, na yeye mwenyewe akaachwa, tiketi iko mkononi. Hakukasirika. Alikuja dirishani akasema, "Mwanangu anaagwa mwezi ujao. Nataka wewe ndiye uongoze sherehe."

"Sendofu?" nikauliza.

"Sendofu. Ukumbini. Kwa maiki."

Kwa mtu wa mbali hilo linaweza kuonekana dogo. Kwetu washereheshaji wanaojulikana ni wanaume wa suti za kung'aa, wengi wanatoka Mbeya, wanakuja na wachezaji wao na taa zao. Rafiki yangu alikuwa amezoea kutazama video za harusi kwenye simu akila chakula cha mchana, na kila mara alikuwa akimkosoa mshereheshaji. Huyu anaongea kuliko bibi harusi. Huyu amemsahau bibi mzaa mama. Nilijua kwamba ndani ya ukosoaji ule kulikuwa na hamu, ila sikuwahi kumwambia. Sasa tulishikana mikono juu ya cherehani tukacheka kama wasichana wa shule.

Nilimshonea gauni refu la rangi ya zambarau, mikono mipana, na mtandio wa kitambaa hicho hicho. Jioni, baada ya kufunga, alikuwa akisimama katikati ya banda langu akiwa ameshika mkasi wangu mkubwa kama maiki, akawakaribisha wageni ambao hawakuwapo. Mimi nilikuwa wageni wote. Nilikuwa wazazi, wakwe, mchungaji na kamati. Aliniuliza, "Nimeharakisha?" nami nikamjibu ndiyo au hapana, na ndivyo ulivyopita mwezi mzima.

Mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa hafurahii. Mwenyekiti wa kamati, shemeji yake yule mama, mnunuzi wa mahindi mwenye sauti nzito kama ya gari la mzigo likipanda mlima, alikuwa amependekeza mshereheshaji wa kutoka Mbeya. Kikaoni alisema, "Sherehe si stendi." Maneno hayo yalimfikia rafiki yangu, naye aliyarudia mbele yangu mara nyingi kuliko alivyokuwa anafahamu.

Wiki ya sherehe shule zilikuwa zimefungwa. Stendi ilifurika wanafunzi na magodoro yao, na rafiki yangu aliita mabasi tangu alfajiri mpaka jua linatua. Nilimwambia apunguze. Alisema akipunguza, abiria watakwenda kibanda cha jirani. Ijumaa jioni sauti ilianza kukwaruza. Jumamosi, siku yenyewe, alikuja bandani kuchukua gauni, akafungua mdomo kunisalimia, na kilichotoka kilikuwa hewa, kama tairi linalovuja polepole.

Nilidhani ananitania. Akajaribu tena. Hewa. Macho yake yakajaa machozi, na hapo nikajua hatanii.

Sikuwa na dawa yoyote ya kumpa zaidi ya kukaa karibu naye. Nikafunga banda, nikavaa gauni langu la kitenge, nikamwambia nakwenda naye. Mwanzoni nilikuwa nimealikwa kama mgeni wa kawaida, wa kula na kupiga vigelegele. Dereva mmoja wa stendi alikuwa anapeleka spika za mtu wa muziki ukumbini huko huko, akatupakia mbele. Njia nzima rafiki yangu alikuwa anatazama nje kwenye mashamba ya kahawa, mkono wake umeshika koo kama mtu anayelinda yai.

Tulifika Vwawa mapema, jua likiwa bado juu ya mapaa. Mshereheshaji hapati nafasi ya kula sherehe ikishaanza, kwa hiyo rafiki yangu alikuwa amepanga tangu mapema kula kwanza kwenye hoteli moja kando ya barabara kuu. Mwenye hoteli ni mzee kutoka Pemba, mpole, mwenye kofia nyeupe aliyoishona mwenyewe, na rafiki yangu huwaelekeza kwake abiria wenye njaa.

"Karibuni wanangu," akasema. "Leo mbona kimya?"

Rafiki yangu akanyoosha kidole kwenye koo lake.

"Sauti imekauka," nikasema kwa niaba yake. "Na ndiye anayeongoza sherehe leo."

Mzee akamtazama, akatazama na gauni lililokuwa kwenye mfuko mkononi mwangu, kisha akaingia jikoni bila kuuliza tutakula nini. Tulimsikia akitwanga. Baada ya muda harufu ikatoka, na haikuwa harufu ya kubembeleza. Ilikuwa harufu ya kitunguu saumu kinachokaangwa kwenye mafuta ya moto, nyingi, ikapita mezani kwetu ikaenda mpaka barabarani. Mtu aliyekuwa akipita na baiskeli aligeuza shingo.

Akaleta mabakuli mawili ya supu ya kuku wa kienyeji, kitunguu saumu kilichotwangwa kimeelea juu, na ndimu pembeni. Kisha sahani ya kuku mwenyewe, amekaangwa pamoja na vitunguu saumu vizima vizima ambavyo havikumenywa. Punje zilikuwa zimelainika mpaka ukizibinya zinatoka kwenye ganda kama dawa ya meno. Kulikuwa na ndizi, kachumbari, na kibakuli kingine cha kitunguu saumu kibichi kwenye asali, eti ndicho cha kumalizia.

"Itarudi saa ngapi, sauti?" nikamuuliza.

"Kesho," akasema mzee.

"Sherehe ni leo, baba."

Akafikiri kidogo. "Basi leo kuleni mshibe."

Rafiki yangu alianza kucheka, kicheko bila mlio, mabega tu yanatikisika, na mimi nikamfuata. Tulikula. Tulikula kama watu waliotoka shambani. Nilipaka punje moja laini juu ya ndizi nikamlisha, naye akanilisha, na supu ikatutoa jasho usoni ingawa hewa ya Vwawa ilikuwa imeshaanza kupoa na watu nje wanavaa majaketi. Nilimwambia tumweleze mama wa binti ukweli kabla wageni hawajafika. Alitikisa kichwa kukataa. Nikamwambia tena. Alitafuna kwa muda mrefu, akakubali.

Mama wa binti tulimkuta mlangoni mwa ukumbi akielekeza mahali pa kuweka maua. Nilimweleza mimi, kwa maneno machache, nikitazama viatu vyangu. Alimshika rafiki yangu mashavu kwa mikono miwili.

"Unaweza kunong'ona?"

Rafiki yangu akanong'ona, "Naweza, mama."

Mama yule akarudisha kichwa nyuma kidogo, nadhani kwa ajili ya kitunguu saumu, lakini hakuachia mashavu. "Basi nong'ona. Maiki kazi yake nini?"

Mwenyekiti alikuwa amesimama nyuma yake na alisikia yote. Alitoa simu mfukoni akaanza kutafuta jina la mtu.

Ukumbi ulijaa. Upande wa kushoto walikaa ndugu wa binti, wengi kutoka Vwawa na vijiji vya Mbozi, wengine wamekuja kutoka Ikinga kwa safari ndefu. Upande wa kulia walikaa wakwe, ukoo wa bwana harusi mtarajiwa, waliovuka mpaka kutoka Nakonde, wanawake wamevaa vitenge vya sare ya kijani. Mimi nilipewa kiti karibu na mtu wa muziki, nyuma ya spika, mahali ambapo hakuna anayekuona. Nilipapenda.

Rafiki yangu akapanda jukwaani na gauni lake la zambarau. Watu walikuwa wanaongea, viti vinakwaruza, watoto wanakimbia. Aliweka maiki karibu kabisa na midomo na kunong'ona, "Wapendwa, mmefika."

Nieleze vipi ili mwelewe kilichotokea? Spika zile kubwa zilichukua mnong'ono ule zikaupeleka kwenye kila sikio, na kila mtu akawa kama ameshikwa bega. Kelele zikapungua. Aliongea taratibu, maneno machache. Alimwambia bibi mmoja aliyekuwa mlangoni kwamba kiti chake kipo mbele, na bibi akaongozwa mpaka kwenye kiti. Aliwaomba watoto wakae chini karibu na keki ili wailinde. Walikaa. Ili kumsikia, watu walilazimika kunyamaza, na walipokuwa wamenyamaza, walianza kutazamana na kutabasamu. Nimehudhuria sherehe nyingi nikiwa fundi wa nguo za watu, na sikuwahi kuona ukumbi uliotulia namna ile. Mwenyekiti alirudisha simu mfukoni.

Binti akaingia na matroni wake, vigelegele vikapaa, keki ikakatwa, wazazi wakalishwa. Kisha ukafika wakati wenyewe, ule ambao kila mtu anausubiri, wa binti kumtafuta bwana harusi mtarajiwa kati ya wageni na kumtambulisha kwa wazazi wake. Kijana alikuwa amefichwa upande wa wakwe, katikati ya wajomba zake. Rafiki yangu alivuta pumzi, akasogeza maiki, na umeme ukakatika.

Giza likawa totoro. Muziki ukafa. Mtu akakimbilia jenereta nyuma ya ukumbi, tukalisikia likikohoa, likikohoa tena, halafu kimya. Simu zikaanza kuwashwa tochi, mwanga huku na huku, na sauti zote zilizokuwa zimelala zikaamka pamoja. Watoto wakapiga mayowe ya kufurahia giza. Upande wa wakwe niliwasikia wakiulizana kwa Kinamwanga kama sherehe imeahirishwa, na mmoja akasema bora waanze safari mapema.

Niliona tochi ya rafiki yangu ikija kwangu. Nyuma yake nikaona tochi nyingine ikielekea jukwaani, na nikatambua mwendo wa mwenyekiti.

Rafiki yangu aliinama sikioni mwangu. Kitunguu saumu kikafika kabla ya maneno.

"Panda kwenye kiti. Wewe ndiye sauti yangu."

"Siwezi," nikasema.

"Nitakuambia kila neno. Wewe toa tu."

"Mimi siwezi kuongea mbele ya watu. Unajua."

Hakunibembeleza. Alinishika mkono, akaninyanyua, na mkono wake ulikuwa wa baridi kuliko wangu. Hilo ndilo lililonipandisha. Sikuwahi kumwona akiogopa. Nilivua viatu nikasimama juu ya kiti cha plastiki, yeye akapanda cha pembeni, akanishika kiuno kwa mkono mmoja na kumulika uso wangu kwa mkono mwingine.

"Sema: ndugu zangu, naomba mnisikilize."

Nikasema. Hata mtu wa muziki aliyekuwa miguuni pangu hakugeuka.

"Siyo hivyo," akanong'ona. "Mwite bibi yako aliye shambani, na mvua inakuja."

Nilifumba macho. Nilimfikiria bibi akipalilia karanga ng'ambo ya bonde, na wingu jeusi nyuma yake, na mimi mlangoni. Nikajaza kifua, nikaita, na kwa kuwa nilikuwa namwita bibi, nilimwita kwa lugha yake. Kinamwanga ndicho kilichotoka. Niliwaamkia wakwe kwa heshima zote, salamu ile ndefu wanayopewa wageni waliotoka mbali, na nikawaambia wasiondoke, nyumba hii bado inawahitaji.

Upande wa kulia ukanyamaza papo hapo. Kisha mwanamke mmoja akajibu salamu, wakajibu wote kwa pamoja, na kigelegele kikapanda kutoka gizani. Upande wa kushoto nao wakanyamaza, kwa kutaka kujua kimetokea nini kule.

Mwenyekiti alikuwa amefika miguuni petu. Alinimulika. Sijui aliona nini usoni kwangu, lakini alishusha tochi, akageukia watu, na kwa ile sauti yake ya gari la mzigo akasema, "Msikilizeni dada." Akabaki pale pale kama mlinzi.

"Vizuri," rafiki yangu akanong'ona. "Sasa waambie wazime tochi zote."

Nikadhani sikusikia. "Wazime?"

"Zote. Kila simu. Waambie atakayebaki na mwanga ni mmoja tu."

Hapo nikaelewa anakokwenda. Nikatangaza kwa Kiswahili, nikarudia kwa Kinamwanga. Zimeni tochi, wapendwa, zimeni zote. Bwana harusi, baba, wewe peke yako ndiye utakayewasha, ukiwa tayari. Na binti yetu atakuja kukufuata.

Mwanga ukaanza kuzimika, mmoja mmoja, safu kwa safu. Kulikuwa na mjomba mmoja ambaye hakujua kuzima simu yake, mjukuu akamsaidia, watu wakacheka kidogo. Kisha giza likawa kamili na tulikuwa tunasikia pumzi za watu tu, na nje lori likipanda kilima cha barabara kuu.

Tulingoja. Kijana naye alikuwa na haya, au labda simu ilimponyoka. Nilianza kuogopa kwamba tumeharibu. Rafiki yangu alinibana kiuno, "Usiseme kitu," na sikusema kitu.

Mwanga mdogo ukawaka upande wa kulia, chini, karibu na ukuta. Kijana alikuwa ameushika mbele ya kifua chake, kwa hiyo tuliona tai yake na kidevu tu, na kidevu kilikuwa kinatetemeka.

Binti akaanza kutembea. Hatukumwona, tulisikia gauni lake likiburuzika sakafuni, na watu wakivuta miguu kumpisha. Mama mmoja alisema kwa sauti ya chini, "Pita, mwanangu," na mwingine mbele yake akasema vile vile, na mwingine, mpaka ikawa njia nzima ya kauli hiyo. Alipowafikia wale wa Nakonde, wakampokea kwa "mukwai, mukwai", neno la adabu la Kibemba ambalo hata wasiojua lugha hiyo wanalijua hapa mpakani. Kisha akaingia kwenye mwanga wa simu ile, na tukawaona wote wawili, nyuso zao, na hakuna aliyekuwa anaigiza.

Nililia nikiwa juu ya kiti. Rafiki yangu naye alikuwa analia, nilihisi bega lake. Vigelegele havikuanza mara moja. Vilichelewa, halafu vikaja kutoka pande zote kwa pamoja, na mabati ya ukumbi yakaitikia.

Umeme ulirudi wakati kijana anampigia magoti mama mkwe. Taa zote zikawaka kwa mpigo, na mtu fulani nyuma akasema kwa hasira ya kweli, "Zimeni hizo taa." Ukumbi mzima ukacheka.

Tulipaswa kuachana pale, yeye arudi kwenye maiki na mimi nyuma ya spika. Lakini alipopanda jukwaani aliniburuta naye. Yeye akanong'ona kwa Kiswahili kwenye maiki, mimi nikasema kwa Kinamwanga bila maiki, na tukaenda hivyo mpaka mwisho, zawadi, chakula, na neno la wazazi. Kuna wakati mama wa kijana alikuja kutukumbatia, akatusogelea wote wawili usoni, akasita.

"Mmekula vizuri nyinyi," akasema.

Nikamjibu kwa lugha yetu kwamba ilikuwa dawa. Akasema dawa hiyo imewafikia mpaka wa safu ya tatu, na akatukumbatia hivyo hivyo.

Sherehe iliisha mapema kuliko nyingi, kwa sababu wakwe walitaka kufika Tunduma kwa ndugu zao kabla usiku haujawa mkubwa. Wakati viti vinakusanywa, mwenyekiti alikuja na sahani mbili za pilau zilizofunikwa. Alimwambia rafiki yangu, "Lile la kuzima tochi, ulikuwa umelipanga?" Rafiki yangu alifungua mdomo, hata ule mnong'ono ulikuwa umekwisha sasa. Akanigeukia mimi.

"Hakulipanga," nikasema. "Amezoea. Basi likiharibika njiani na abiria wamekasirika, yeye ndiye anayefikiria."

Mwenyekiti aliitikia kwa kichwa polepole. "Mwezi wa tisa namwoza binti yangu wa kwanza," akasema, na hakumalizia, akatukabidhi sahani na kwenda kusimamia viti. Kwa mtu kama yeye hiyo ilikuwa hotuba.

Kisha akaja shangazi wa kijana, mwanamke mrefu wa kitenge cha kijani. Alituambia harusi yenyewe ni Nakonde, na kwamba wao walikuwa na mshereheshaji wao lakini sasa hawamtaki. Walitutaka sisi wawili. Alisema wawili kwa kuonyesha vidole. Rafiki yangu alinitazama, akingoja niseme siwezi, kama ilivyo kawaida yangu.

"Tutakuja," nikasema. Kisha nikamshukuru kwa Kibemba, "Natotela, mama."

Tulirudi Tunduma na yule dereva, spika nyuma, sahani za pilau mapajani. Kawaida katika safari zetu rafiki yangu huongea na mimi husikiliza nikiitikia. Usiku ule alikuwa hana sauti ya kuitikia hata neno moja, na mimi sikunyamaza. Nilimweleza jinsi nilivyohisi kidevu cha yule kijana kikitetemeka kama vile ni changu. Nilimweleza habari za bibi na karanga, habari ambazo sijawahi kumsimulia mtu. Nilimweleza dereva pia, ambaye hakuwa ameuliza. Rafiki yangu alikuwa ameegemeza kichwa kwenye kioo, anatabasamu, na kila niliposita alinigusa goti ili niendelee.

Sauti yake ilirudi katikati ya wiki. Nilikuwa nafungua kufuli niliposikia Vwawa, Mlowo, Mbeya, nyembamba bado lakini yake. Tulikwenda Nakonde kwa miguu siku ya harusi, tukavuka mpaka na magauni yetu kwenye mifuko, na kule alipata nafasi ya kuongea kwa sauti kamili. Alikuwa mzuri sana. Ila katika sherehe anazoitwa kuongoza tangu hapo, bado anapenda kunong'ona inapofika saa ya kumtafuta bwana harusi, na watu huja kumuuliza kama yeye ndiye yule dada wa kunong'ona.

Stendi hajaiacha. Mimi pia sijaacha cherehani, na katika sherehe za kawaida nakaa nyuma ya spika kama zamani. Lakini wakiwapo wakwe wa ng'ambo, anakuja bandani mapema, anaketi juu ya robota la vitenge, ananiambia tarehe, na mimi natoa pini mdomoni nimuulize wanatoka ukoo gani.